Mnara wa Mtakatifu Yakobo katika Mji wa Paris

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu na walimu katika sikukuu ya Yubilei ya Jimbo)



Katika siku hizi za Yubilei tumesikia habari nyingi za misioni zetu, jinsi zilivyoanzishwa, na jinsi makanisa yake yalivyojengwa. Sisi tumeona yafaa kuwaelezeni habari za mnara mmoja wa mbali, ambao kanisa lake lilibomolewa zamani, nao ukabaki peke yake katikati ya mji. Huenda wengine watauliza, Mnara wa Ulaya watuhusu nini sisi? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujamaliza. Kwa sasa tunaomba mtusikilize kwa saburi.

Mto Seine hupita katikati ya mji wa Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Upande wa kaskazini wa mto huo, kando ya barabara kubwa iitwayo Rue de Rivoli, pana bustani yenye miti, na ndani ya bustani husimama mnara wa mawe, kimo chake karibu mita 54. Mkiweza kusimamisha mnazi mrefu juu ya mnazi mrefu mwenziwe, ndio kimo chake. Mbele yake hapana kanisa, wala nyuma yake. Mgeni apitaye hudhani ulijengwa hivyo tangu mwanzo, uwe pambo la mji. Sivyo. Jina lake ni Tour Saint-Jacques, yaani Mnara wa Mtakatifu Yakobo, na zamani ulikuwa mnara wa kengele wa kanisa la parokia lililoitwa Saint-Jacques-de-la-Boucherie, maana yake Mtakatifu Yakobo wa Machinjioni.

Jina hilo lilitokana na watu wa mahali pale. Mtaa ule ulikuwa mtaa wa wachinjaji na wauza nyama, nao walikuwa chama chenye nguvu na mali katika mji. Kanisa lilikuwa kanisa lao. Humo walibatizwa, humo walifunga ndoa, humo waliombewa walipokufa. Nao walilitunza kwa fedha zao. Basi mjue kwamba uzuri wote tutakaousimulia haukutoka katika hazina ya wafalme peke yake. Mwingi ulitoka katika mikono ya watu wenye kazi, ambao nguo zao zilikuwa na damu ya ng’ombe siku sita, na siku ya saba walivaa nguo safi wakaenda Misa. Haba na haba hujaza kibaba.

Miongoni mwa wasaidizi wa kanisa hilo alikuwako mtu mmoja jina lake Nicolas Flamel. Kazi yake ilikuwa kunakili vitabu na kuandika hati kwa mkono, kwa kuwa mashine ya kupigia chapa ilikuwa bado kuvumbuliwa. Yeye na mkewe Pernelle walijaliwa mali, wakatoa sadaka nyingi kwa makanisa na kwa maskini; hata mlango mmoja wa kanisa la Mtakatifu Yakobo ulijengwa kwa fedha zao. Flamel alikufa mwaka 1418, akazikwa kanisani humo. Baadaye watu walizua hadithi kwamba alipata mali kwa kugeuza madini hafifu kuwa dhahabu. Hadithi hiyo ni upuzi; lakini jiwe la kaburi lake lingaliko hata leo, katika nyumba ya makumbusho ya Cluny mjini Paris, nalo limechorwa maandishi yanayotaja vitu alivyoliachia kanisa kwa wasia wake. Tafadhalini likumbukeni jiwe hilo, maana tutalirudia.

Mnara wenyewe ulijengwa baadaye, kuanzia mwaka 1509 hata mwaka 1523. Ulianzwa zamani za Mfalme Louis wa 12, ukamalizika zamani za Mfalme François wa 1. Mtindo wake ni ule uitwao Gothiki. Wajenzi wa Gothiki waliacha matao ya mviringo, wakajenga matao yenye ncha juu, kama viganja viwili vilivyokutanishwa kwa sala. Kwa matao hayo waliweza kuinua kuta juu sana na kutoboa madirisha marefu, uzito wa jengo ukaangukia nguzo. Mtindo huo ulipokaribia mwisho wake, mafundi wakazidi kutia mapambo, wakachonga jiwe hata likaonekana kama ndimi za moto zinazopanda. Mnara huu ni wa zamani hizo. Katika kuta zake mna vijumba vya sanamu za watakatifu, na juu mna sanamu za wanyama wa ajabu waliotokeza vichwa vyao nje, ambao kazi yao ni kutema maji ya mvua mbali na ukuta. Kileleni kabisa husimama Mtakatifu Yakobo Mkubwa, mvuvi, mwana wa Zebedayo na ndugu yake Yohane. Na pembeni zimewekwa alama za Wainjili wanne: simba, ng’ombe, tai na malaika.

Kwa nini Yakobo? Kwa sababu kanisa hilo lilikuwa mahali pa kukusanyika mahujaji. Katika nchi ya Hispania, magharibi kabisa karibu na bahari, uko mji wa Santiago de Compostela, ambako Wakristu tangu zamani wameliheshimu kaburi la Mtume huyo. Watu wa kaskazini waliotaka kuhiji walikutana Paris, wakasali, ndipo wakashika njia. Walivuka mto, wakapanda kwa barabara ambayo hata leo huitwa Rue Saint-Jacques, wakaelekea kusini kwa Orléans, Tours na Bordeaux, wakapita milima ya Pyrenees, wakaingia Hispania. Ilikuwa safari ya miezi, kwa miguu, katika jua na baridi, na wengine hawakurudi. Dalili yao ilikuwa kombe la pwani, lile ganda pana lenye mistari kama upepeo, walilolishona katika kofia au joho. Sisi tunaokaa karibu na bahari twalijua kombe, tena twajua habari za watu kusafiri kwa miguu miezi mingi. Basi hatuhitaji kuelezwa sana.

Mnara ulitumika na kwa elimu pia. Mwaka 1648 mtaalamu mmoja, Mkristu mwenye ibada, jina lake Blaise Pascal, alitaka kuhakikisha kwamba hewa ina uzito. Alijua kwamba zebaki ikitiwa katika bomba la kioo lililozibwa juu, na mdomo wa chini ukitumbukizwa katika bakuli la zebaki, ile ya ndani husimama kwa kimo fulani bila kumwagika yote. Akawaza: ikiwa uzito wa hewa ndio unaoizuia, basi mtu akipanda juu, ambako hewa iliyo juu yake imepungua, zebaki itashuka. Kwanza shemeji yake, Florin Périer, alipanda mlima Puy de Dôme tarehe 19 Septemba mwaka ule, akaona zebaki imeshuka sana. Ndipo Pascal mwenyewe akajaribu mjini Paris, akaandika kwamba juu na chini ya mnara wa Mtakatifu Yakobo aliona tofauti ya kama milimita nne au tano. Ni kitu kidogo, upana wa punje ya mtama. Lakini kwa kitu hicho kidogo watu walipata kujua kwamba tunaishi chini ya bahari ya hewa. Walimu, waelezeni watoto habari hii, wapate kujua kwamba mnara wa kanisa ulipata kuwa chumba cha masomo ya hesabu na maumbile, na imani haikupungukiwa na neno.

Sasa tunafika kwenye msiba. Mwaka 1789 Wafaransa waliasi utawala wa mfalme wao, yakaanza Mapinduzi. Hatutasimulia yote. Mali ya Kanisa ilitwaliwa na serikali, mashirika ya watawa yakafutwa, mapadre wengi wakauawa au kufukuzwa. Mwaka 1793 kanisa la Mtakatifu Yakobo likafungwa, na sanamu ya Mtume ikaangushwa kutoka kileleni. Mwaka 1797 kanisa lenyewe likauzwa, si kwa kusali, bali kwa mawe yake. Mnunuzi alibomoa kuta, akauza mawe kama mtu auzavyo kuni. Jengo lililokuwa limekusanya sadaka za watu wa karne nyingi likatoweka, na mahali pake pakawa soko.

Je, mnara uliponaje? Haukuponywa na jeshi, wala na umati wa watu waliokuja kuuzunguka. Uliponywa na neno moja katika karatasi. Mjenzi mmoja aitwaye Giraud alitia katika mapatano ya mauzo sharti ya kwamba mnara usibomolewe. Basi. Mnunuzi alitia mkono wake, na sharti ikamfunga. Kanisa zima, lenye matao na altare na makaburi, halikuandikiwa neno, likaenda. Mnara uliandikiwa mstari mmoja, ukabaki.

Walakini maisha yake baada ya hapo yalikuwa ya kudharauliwa. Wafanya biashara waliukodi, wakaufanya kiwanda cha marisau ya kuwindia. Juu kileleni waliyeyusha risasi, wakaipitisha katika chujio. Matone yakaanguka ndani ya mnara toka juu hata chini, na katika kuanguka kwake yakawa mviringo, yakapoa, yakaingia katika pipa la maji. Tazameni, ndugu zetu: mahali kengele zilipowaita watu kwenye sala, palikuwa pakinyesha mvua ya risasi. Hali hiyo iliendelea hata baraza ya mji wa Paris ilipounua mnara mwaka 1836.

Baadaye, barabara ya Rue de Rivoli ilipokatwa, ardhi ya mahali hapo ilichimbwa na kusawazishwa, hata misingi ya mnara ikawa juu kuliko njia. Mjenzi Théodore Ballu akautengeneza upya katika miaka ya 1850, akaujengea kitako kipya chini yake, na sanamu mpya ya Mtakatifu Yakobo ikarudishwa kileleni. Chini, ndani ya matao, ikawekwa sanamu ya Pascal. Mwaka 1891 wataalamu wa hali ya hewa waliweka vipimo vyao huko juu. Mwaka 1998 mnara uliandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu, pamoja na njia za mahujaji waendao Compostela. Ulitengenezwa tena mwanzoni mwa karne hii, na tangu mwaka 2013 wageni huruhusiwa kupanda ngazi zake, zipatazo 300. Kwa hiyo umeheshimiwa tena, nasi twafurahi. Lakini parokia haikurudi. Hakuna mtoto anayebatizwa hapo. Mnara unao walinzi, unao wageni, unao vipimo vya mvua. Hauna Wakristu wake.

Hapa ndipo tunapolijibu swali lenu la kwanza: Mnara huo watuhusu nini?

Katika mji ule ule, ng’ambo ya pili ya mto, siku ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1703, kijana mmoja mwenye miaka 24, Claude Poullart des Places, alikusanya wanafunzi wachache maskini waliotaka upadre lakini hawakuwa na chakula wala karo, akawaweka chini ya ulinzi wa Roho Mtakatifu. Hawakuwa na mnara. Walikuwa na nyumba ya kupanga na desturi ya kusali na kusoma pamoja. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1709, umri wake miaka 30. Kazi yake iliendelea, na nyumba yao ikajengwa katika njia iitwayo leo Rue Lhomond, si mbali na ile barabara ya mahujaji tuliyoitaja. Tufani ya Mapinduzi iliyobomoa kanisa la Mtakatifu Yakobo iliwapata na wao. Mwaka 1792 shirika lao lilifutwa, nyumba yao ikatwaliwa, wakatawanyika. Kwa macho ya watu walikuwa wamekwisha, kama kanisa la wachinjaji lilivyokwisha.

Hawakukwisha. Padre mmoja wao, Jacques Bertout, aliporudi alitafuta ruhusa, akanyimwa, akapewa, akanyang’anywa, akaomba tena, hata mwaka 1816 Mfalme akalirudishia shirika haki yake. Mwaka 1848 likaungana na shirika la Padre François Libermann, aliyekuwa na hamu kubwa ya kuwapelekea Waafrika Injili. Na mwaka 1863 mapadre wa Shirika hilo la Roho Mtakatifu waliingia Unguja. Na mwaka 1868 Padre Antoine Horner akaanzisha misioni ya Bagamoyo. Toka Bagamoyo Injili ikapanda bara, na sisi tulio hapa tu matunda ya mti huo.

Linganisheni mambo hayo mawili. Mnara uliachiwa kusimama, na shirika likaangushwa. Baada ya miaka 70 hivi, mnara ulikuwa pambo la bustani. Na wale walioangushwa walikuwa wakiwabatiza watu katika pwani yetu. Kwa nini? Kwa sababu mnara ulikuwa na mawe tu, na wale walikuwa na watu waliofundishwa, ambao waliweza kuwafundisha wengine. Jiwe halijui kumwambia jiwe jipya habari ya jiwe lililotangulia.

Msidhani tunadharau majengo. Mnajua kwamba tarehe 15 Aprili 2019 kanisa kuu la Notre-Dame, ambalo ni karibu sana na mnara huu, liliungua, paa lote na mnara wake mwembamba wa katikati vikaanguka. Usiku ule Wakristu walipiga magoti njiani wakaimba na kusali mbele ya moto. Kanisa likajengwa tena, likafunguliwa mwezi wa Desemba 2024. Kanisa lenye watu wanaolipenda huweza kuinuka hata katika majivu. Mwaka 1797 hapakuwa na mtu aliyeweza kulidai kanisa la Mtakatifu Yakobo, kwa maana watu wake walikuwa wametawanywa.

Nasi tunao mnara wetu. Pale Bagamoyo, katika misioni, uko mnara wa kanisa la kale ambao watu huuita Mnara wa Livingstone. Sababu yake ni kwamba mwezi wa Februari 1874 mwili wa Daktari Livingstone uliwekwa katika kanisa hilo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Mwili huo ulikuwa umebebwa toka kijiji cha Chitambo, safari ya miezi, na watu wake, miongoni mwao Susi na Chuma. Mnara una jina la aliyebebwa. Wabebaji walikuwa watu wengi. Wachache tu kati yao hutajwa leo.

Hapo ndugu zetu ndipo penye kuuma. Watu walioleta imani katika vijiji vyetu ni wengi kuliko mapadre ambao picha zao zimetundikwa. Walikuwako walimu wa kwanza waliotembea siku nzima kwa miguu wakafundishe watu kumi. Walikuwako akina mama waliochota maji ya kukandia udongo wa kanisa la kwanza. Walikuwako wazee waliotoa mashamba yao pajengwe shule. Nani ameandika majina yao? Katika parokia zetu nyingine daftari za kwanza zimeliwa na mchwa. Kwingine mzee mmoja tu ndiye akumbukaye nani alianza kufundisha katika kigango, na mzee huyo ni mgonjwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Na watu kadhalika. Wachinjaji wa Paris walitoa zaidi ya Flamel, lakini Flamel aliandikiwa katika jiwe, na jina lake tunalo.

Basi, kwa heshima yote, tunawasihi mambo matatu. La kwanza, kabla mwaka huu wa Yubilei haujaisha, kila kigango kiteue watu wawili wanaojua kuandika vizuri, waende kwa wazee, waulize, waandike: nani alikuja kwanza, nani alimpokea, nani alijenga, nani alifundisha, mwaka gani. Nakala moja ikae parokiani, ya pili ipelekwe kwa Baba Askofu. Kazi hiyo haigharimu zaidi ya daftari na kalamu. La pili, panapo kanisa la kale ambalo halitoshi tena, msiwe na haraka ya kulibomoa mkauza matofali na mabati. Liandikieni sharti, kama Giraud alivyofanya, kisha litafutieni kazi inayolifaa: darasa la mafundisho, maktaba, au nyumba ya vijana. Jengo lisilo na kazi huanguka hata kama halibomolewi. La tatu, mkikusanya fedha za kanisa jipya, na mnara wake mrefu, na kengele zake, kwanza mtazame kama mwalimu wa kigango ana vitabu, na kama watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza wana mtu wa kuwafundisha kila juma. Mkiona hawana, anzeni hapo. Mnara utangoja, mtoto hangoji, hukua.

Tunajua wengine watasema kwamba sisi walimu twajitetea wenyewe. Na tuseme kweli, ni kazi yetu tunayoitetea, maana hatuijui kazi nyingine iliyoivusha imani katika Mapinduzi ya Ufaransa, ikaipitisha baharini, ikaifikisha kwetu.

Mtakatifu Yakobo, mvuvi aliyeacha nyavu zake, atuombee. Roho Mtakatifu, aliyewaongoza wale wanafunzi maskini wa Paris, atuongoze na sisi. Na Mungu awape raha ya milele wote waliolijenga jimbo hili kwa mikono yao, wale tunaowajua kwa majina na wale ambao majina yao hatujayaandika bado.

Tumsifu Yesu Kristu.